Hermann Ebbinghaus: Mwanasaikolojia Aliyepima Kusahau

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi aliyewahi kukariri beti za utenzi usiku wa kuamkia mtihani anajua kuwa hata maarifa ni mali ya aina hiyo. Alfajiri huwa tele kichwani, na baada ya juma moja yakitafutwa hayaonekani. Hali hii ilijulikana tangu zama za kale. Hata hivyo, kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kueleza ni kiasi gani cha maarifa hupotea, hupotea kwa kasi gani, na iwapo kilichopotea huwa kimetoweka kabisa au kimejificha tu.

Aliyeyajibu maswali haya kwa mara ya kwanza kwa njia ya hesabu ni Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyeishi kati ya 1850 na 1909. Hakuwa na maabara wala wasaidizi. Mtu wa pekee aliyemfanyia majaribio alikuwa yeye mwenyewe. Leo hii jina lake hutajwa katika mihadhara ya saikolojia na ya ualimu kila panapozungumziwa kumbukumbu, lakini aghalabu hutajwa kwa ajili ya mchoro mmoja tu: mstari unaoporomoka kwa kasi kisha ukatambaa polepole, unaoonyesha jinsi binadamu anavyosahau. Mchoro huo hueleweka visivyo mara nyingi. Maisha na kazi ya Ebbinghaus vinathibitisha kuwa fundisho lake kuu si kwamba binadamu husahau, jambo ambalo halikuhitaji mtafiti, bali ni kwamba kile kinachodhaniwa kuwa kimesahaulika huacha akiba, na akiba hiyo inaweza kupimwa.

Kuzaliwa na Masomo

Ebbinghaus alizaliwa tarehe 24 Januari 1850 katika mji wa Barmen, eneo la mto Rhine, lililokuwa chini ya ufalme wa Prussia. Mji huo siku hizi ni sehemu ya jiji la Wuppertal nchini Ujerumani. Baba yake, Carl Ebbinghaus, alikuwa mfanyabiashara, na jamaa yao ilikuwa ya waumini wa Kilutheri. Mnamo 1867, akiwa na umri wa miaka 17, alijiunga na Chuo Kikuu cha Bonn.

Nia yake ya awali haikuwa saikolojia. Alikwenda chuoni kusoma historia na filolojia, yaani taaluma ya lugha na maandishi yake. Wanafunzi wa lugha basi wana haki ya kumhesabu kuwa mmoja wao kabla hajahamia kwingine. Alipitia pia vyuo vikuu vya Halle na Berlin, na katika pitapita hizo akavutiwa zaidi na falsafa. Mwaka 1870 masomo yake yalikatizwa na vita kati ya Prussia na Ufaransa, naye akaingia jeshini. Vita vilipokwisha alirejea Bonn, na mwaka 1873 akatunukiwa shahada ya uzamifu kwa tasnifu iliyochunguza falsafa ya Eduard von Hartmann kuhusu sehemu ya nafsi isiyotambuliwa na fahamu. Suala la mambo yaliyomo nafsini bila mwenyewe kuyajua halikumtoka tena.

Safari na Kitabu cha Fechner

Baada ya kuhitimu, Ebbinghaus hakupata kazi ya chuo kikuu. Kwa miaka kadhaa aliishi maisha ya msomi asiye na makao ya kudumu. Alijisomea mjini Berlin, kisha akasafiri Uingereza na Ufaransa huku akijikimu kwa kufundisha. Inasimuliwa kuwa katika duka moja la vitabu vikuukuu, ambalo wengi husema lilikuwa Paris na wengine London, alikutana na kitabu cha Gustav Fechner kuhusu uhusiano kati ya vitu vinavyogusa hisi na hisia zinazozaliwa nafsini. Kitabu hicho kilikuwa kimechapishwa mwaka 1860.

Ili kuelewa uzito wa kitabu hicho kwa kijana huyo, ni sharti izingatiwe hali ya taaluma wakati ule. Mwanafalsafa Immanuel Kant alikuwa ameshikilia, mnamo 1786, kuwa elimu ya nafsi haiwezi kuwa sayansi kamili kwa sababu yaliyomo nafsini hayakubali kupimwa kwa hesabu. Fechner alionyesha kuwa angalau hisia zinaweza kupimwa: mtu anapobeba mizigo miwili mkononi, inawezekana kukadiria kwa tarakimu tofauti ndogo kabisa anayoweza kuitambua. Lakini hisia ni mlango tu wa nafsi. Wilhelm Wundt, aliyeanzisha maabara mashuhuri ya saikolojia huko Leipzig mwaka 1879, aliamini kuwa majaribio ya maabara yanafaa kwa mambo ya hisi na mengine yaliyo karibu nayo, na kwamba shughuli za juu za akili zichunguzwe kwa njia nyingine.

Ebbinghaus aliamua kuvuka mpaka huo. Iwapo uzito wa mzigo mkononi unaweza kupimwa, kwa nini uzito wa jambo katika kumbukumbu usipimwe? Alikuwa kijana asiye na cheo wala chuo, na alilolikusudia lilikuwa limesemwa na wakubwa kuwa haliwezekani. Kama angekosea, miaka yake ingepotea bure, na hakuna ambaye angemlipa fidia.

Silabi Zisizo na Maana

Tatizo la kwanza lilikuwa ni kipi cha kukariri. Maneno ya kawaida hayakufaa. Neno mama na neno tasi yana silabi mbili kila moja, lakini kwa mwanafunzi wa bara ambaye hajawahi kumwona samaki aitwaye tasi, maneno hayo hayana uzito sawa. La kwanza linakuja na maisha mazima nyuma yake. La pili linakuja peke yake. Anayekariri orodha ya maneno hajui basi ni kiasi gani amekariri siku hiyo na ni kiasi gani alikuwa nacho tangu utotoni.

Ebbinghaus alitafuta malighafi ambayo haikuwa na historia moyoni mwake. Alichukua konsonanti za kawaida za Kijerumani pamoja na irabu na miungano ya irabu 11, akaunda silabi za umbo la konsonanti, irabu na konsonanti. Kwa istilahi za fonolojia hizi ni silabi funge, ambazo katika Kiswahili hupatikana hasa katika maneno ya mkopo kama vile labda na maktaba. Alipata silabi 2,300 hivi. Alizichanganya, akaziokota kwa bahati nasibu, na kuzipanga katika orodha za urefu mbalimbali. Baadhi yake zilifanana na maneno halisi, lakini kwa jumla zilikuwa sauti tupu.

Tatizo la pili lilikuwa kuzifanya hali za majaribio zifanane. Alisoma kila orodha kwa sauti kwa mwendo wa saa iliyogonga mara 150 kwa dakika, bila kutulia mahali fulani wala kupandisha sauti kwa silabi aipendayo. Alijikataza kubuni hila za kuunganisha silabi au kutunga kisa cha kuzikumbukia. Alijitahidi kufanya kazi katika saa zile zile za siku na kutobadilisha mno taratibu za maisha yake katika kipindi cha majaribio. Aligundua kuwa hata saa ya siku ina uzito, kwani kazi ile ile ilimchukua muda mrefu zaidi jioni kuliko asubuhi.

Awamu ya kwanza ya majaribio ilifanyika kati ya 1879 na 1880, na awamu ya pili kati ya 1883 na 1884. Ukubwa wa kazi hiyo unaweza kukadiriwa kwa sehemu moja tu. Ili kuchunguza kusahau, alifanya majaribio 163, na katika mengi kati ya hayo alikariri orodha 8 za silabi 13 kila moja mpaka akaweza kuzitaja bila kosa, kisha akarudi baada ya muda uliopangwa kuzikariri upya. Hakukuwa na mtu wa kumsikiliza wala kumsahihisha. Alijua vilevile hatari ya mtu kuwa mtafiti na mtafitiwa kwa wakati mmoja, kwa maana anayetarajia jibu fulani anaweza kulivuta bila kukusudia. Alilijadili jambo hilo waziwazi katika maandishi yake, na akakokotoa kiwango cha makosa kwa kila wastani aliotoa, desturi ambayo ilikuwa bado ngeni kwa waliochunguza akili.

Akiba

Tatizo la tatu ndilo lililompa Ebbinghaus nafasi yake katika historia. Kabla yake, kukumbuka kulihesabiwa kuwa jambo la ndiyo au la: mtu ama analikumbuka shairi ama halikumbuki. Yeye alitambua kuwa kati ya hali hizo mbili kuna uwanja mpana. Mtu anaweza kushindwa kabisa kulitaja shairi alilolijua zamani, lakini akiketi kulikariri tena, analipata upesi kuliko mara ya kwanza. Upesi huo ni ushahidi kuwa kitu kilisalia, hata kama mwenyewe hakihisi.

Kwa hiyo alipima muda. Kwa mfano, iwapo orodha ilichukua dakika 20 kukaririwa mara ya kwanza, na baada ya siku kadhaa ikachukua dakika 12, basi dakika 8 zimeokolewa, na akiba ni asilimia 40. Njia hii ilimwezesha kupima kumbukumbu ambayo mwenyewe angeapa kuwa hana.

Matokeo yake yalikuwa haya. Baada ya dakika 20 hivi akiba ilikuwa asilimia 58. Baada ya saa moja ilikuwa asilimia 44, na baada ya saa 9 hivi asilimia 36. Baada ya siku moja ilikuwa asilimia 34, baada ya siku mbili asilimia 28, na baada ya siku 6 asilimia 25. Baada ya siku 31 ilikuwa bado asilimia 21. Hasara kubwa hutokea mwanzoni kabisa, katika saa ya kwanza, na baada ya hapo kupotea hupungua kasi kiasi kwamba tofauti kati ya juma moja na mwezi mmoja ni ndogo.

Ni hapa ambapo wengi humsoma vibaya. Hudaiwa kuwa Ebbinghaus alithibitisha kwamba mtu husahau zaidi ya nusu ya alichojifunza katika muda wa saa moja. Hakusema hivyo. Tarakimu zake hazihesabu silabi zilizokumbukwa, bali kazi iliyookolewa. Isitoshe, ni tarakimu za mtu mmoja aliyekariri sauti zisizo na maana. Mhadhara uliosikilizwa kwa makini na kueleweka haupotei kwa kasi hiyo.

Yeye mwenyewe aliipima tofauti hiyo. Alikariri kwa Kiingereza beti za utenzi wa Byron uitwao Don Juan, ambapo kila ubeti ulikuwa na silabi 80 hivi. Ubeti mmoja ulihitaji kusomwa takriban mara 9 tu, ilhali alikadiria kuwa silabi 80 zisizo na maana zingehitaji kusomwa mara 70 hadi 80. Maana, mizani na vina vilimpunguzia kazi karibu mara kumi. Kwa wanaosoma ushairi wa Kiswahili, ambao kwa karne nyingi ulihifadhiwa vifuani kabla na baada ya kuandikwa, hii ni sababu moja ya kuelewa kwa nini arudhi si pambo tu. Ni chombo cha kuhifadhia.

Jambo jingine aliloligundua linawahusu moja kwa moja wanaojiandaa kwa mitihani. Alizichukua orodha za silabi 12, akazisoma mara 68 mfululizo siku moja, na kesho yake akahitaji kuzisoma mara 7 ili azitaje bila kosa. Kisha akajaribu kuzigawa kazi hizo kwa siku tatu. Matokeo yale yale yalipatikana kwa kusoma mara 38 tu. Haba na haba hujaza kibaba, na katika suala hili kibaba hujaa kwa gharama ndogo zaidi kuliko kwa kumimina yote kwa pamoja.

Silabi Saba

Kati ya matokeo yote, kuna moja ambalo uzito wake ulionekana kikamilifu miaka mingi baadaye. Ebbinghaus alitaka kujua urefu wa orodha unavyoathiri kazi ya kuikariri. Orodha ya silabi 7 aliweza kuitaja baada ya kuisoma mara moja. Ungetarajia kuwa orodha ya silabi 12 ingehitaji kusomwa mara mbili au tatu. Haikuwa hivyo. Ilihitaji kusomwa karibu mara 17. Orodha ya silabi 16 ilihitaji mara 30, ya silabi 24 mara 44, na ya silabi 36 mara 55.

Silabi tano zilizoongezwa juu ya zile saba zilizidisha kazi zaidi ya mara 16. Maelezo yake ni kwamba nyuma ya tarakimu hizo mna milango miwili tofauti. Yaliyo machache hushikwa papo hapo, kama maji kwenye kiganja: hayahitaji juhudi, lakini pia hayakai. Yanapozidi uwezo wa kiganja, hayawezi kushikwa tena kwa njia hiyo, na inabidi yajengewe ghala kwa kurudiwarudiwa. Ebbinghaus hakuyaita mambo haya kumbukumbu ya muda mfupi na kumbukumbu ya muda mrefu, wala hakutoa nadharia ya ghala mbili. Hata hivyo mpaka kati yake umo katika tarakimu zake.

Mwaka 1887 Joseph Jacobs alichapisha mjini London utafiti wa idadi ya tarakimu ambazo mtu anaweza kuzirudia mara tu azisikiapo. Mwaka 1890 Mmarekani William James alitofautisha kumbukumbu ya msingi, ambayo bado haijaondoka katika fahamu, na kumbukumbu ya pili, inayorejeshwa baada ya kuondoka. George Miller aliandika mwaka 1956 makala yaliyoifanya idadi ya saba, pungufu au zaidi kwa mbili, kuwa mashuhuri, na mwaka 1968 Richard Atkinson na Richard Shiffrin wakatoa kielelezo cha ghala mbili kinachofundishwa hadi leo.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka katika hospitali. Mmarekani Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 ili kutibu kifafa. Baada ya hapo aliweza kurudia tarakimu chache kama mtu mwingine yeyote, lakini hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio mpaka alipofariki mwaka 2008. Kiganja chake kilikuwa kizima, lakini mlango wa ghala ulikuwa umefungwa. Hata hivyo alijifunza kuchora kwa kuangalia kioo, akaboreka siku hadi siku huku akikana kuwa amewahi kufanya zoezi hilo. Akiba isiyojulikana na mwenyewe, aliyoizungumzia Ebbinghaus, ilikuwa imeonekana katika umbo lingine.

Kitabu, Vyeo na Gharama Yake

Mnamo 1880 Ebbinghaus aliruhusiwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Berlin kwa msingi wa awamu ya kwanza ya utafiti wake. Hakuharakisha kuuchapisha. Alirudia sehemu kadhaa za majaribio miaka mitatu baadaye ili ajiridhishe, na ndipo mwaka 1885 akatoa kitabu chake kuhusu kumbukumbu. Kilikuwa kitabu chembamba kilichojaa majedwali, lakini kilipokelewa kwa heshima, na mwaka uliofuata akapandishwa cheo kuwa profesa, ingawa si wa daraja la juu. Mwaka huo huo wa 1885 alizaliwa mwanawe Julius Ebbinghaus, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri wa mrengo wa Kant, yule yule ambaye baba yake alikuwa amemkanusha kwa saa na silabi.

Baada ya kitabu hicho Ebbinghaus hakuendelea sana na utafiti wa kumbukumbu. Aliwaachia wengine, hasa Georg Elias Müller wa Göttingen, kuiboresha njia yake. Yeye alijitwika kazi ya kuijenga taaluma. Mwaka 1890, pamoja na mwanafizikia Arthur König, alianzisha jarida la saikolojia na fiziolojia ya hisi, ambalo liliwakusanya wataalamu wengi wakiwemo Hermann von Helmholtz. Jarida hilo lilitoa jukwaa kwa watafiti wasiokuwa wafuasi wa Wundt.

Uangalifu wake, hata hivyo, ulikuwa na gharama. Katika vyuo vya Ujerumani, msomi alipimwa kwa wingi wa maandishi yake, na Ebbinghaus alikuwa mtu wa kuchapisha machache. Mwaka 1894 nafasi kuu ya saikolojia mjini Berlin alipewa Carl Stumpf, naye Ebbinghaus akahamia Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Wakati huo huo mwanafalsafa Wilhelm Dilthey alichapisha hoja kuwa maisha ya nafsi yanapaswa kuelezwa na kufahamika, wala si kuchambuliwa kwa njia za sayansi asilia. Ebbinghaus alimjibu mwaka 1896 kwa makala makali, akiitetea haki ya kupima.

Huko Breslau aliombwa kusaidia kuchunguza uchovu wa wanafunzi waliosoma saa nyingi mfululizo. Alibuni jaribio ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya angelitambua bila kuelezwa: kifungu cha habari chenye mapengo, ambapo mtoto hujaza maneno au silabi zilizoachwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1897. Ilibainika kuwa kati ya mazoezi yaliyotumiwa, hilo ndilo lililowatofautisha vyema wanafunzi wenye uwezo na wale wadhaifu darasani, na baadaye Alfred Binet wa Ufaransa alilitia wazo hilo katika majaribio yake ya akili. Watahiniwa wa KCPE waliojaza mapengo katika karatasi ya Kiswahili, hadi mtihani huo ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, walikuwa wakifanya zoezi la ukoo wa lile la Breslau.

Mwaka 1897 pia alianza kutoa kitabu chake kikubwa cha misingi ya saikolojia, alichokitunukia jina la Fechner. Kiliandikwa kwa lugha nyepesi na kikapendwa na wanafunzi. Mwaka 1905 alihamia Halle, mji aliousomea ujanani, na mwaka 1908 akatoa muhtasari wa taaluma nzima. Alikuwa amealikwa kuhutubia sherehe za Chuo Kikuu cha Clark nchini Marekani mnamo Septemba 1909, sherehe zile zile zilizomtambulisha Sigmund Freud kwa Wamarekani. Hakufika. Homa ya mapafu ilimuua mjini Halle tarehe 26 Februari 1909, akiwa na umri wa miaka 59.

Wakosoaji na Waliorudia Kazi Yake

Kazi ya Ebbinghaus haikukosa wapinzani. Mzito kati yao alikuwa Frederic Bartlett wa Cambridge, ambaye mwaka 1932 alidai kuwa kuondoa maana ili kupima kumbukumbu ni kuiondoa kumbukumbu yenyewe. Bartlett aliwapa watu hadithi ya utamaduni wa mbali na kuwataka waisimulie tena na tena. Aliona kuwa hawakuisahau tu, bali waliibadilisha ifanane na mambo waliyoyazoea. Hoja hiyo ni ya haki. Binadamu hukumbuka kama msimulizi, wala si kama kabati. Lakini kukubali kwamba msimulizi hubadilisha hadithi hakubatilishi kipimo cha kiasi na kasi, na wanasaikolojia wa leo wanawahitaji wote wawili.

Kuna tarakimu moja ambayo Ebbinghaus mwenyewe hakuiamini. Kati ya saa 9 na saa 24 akiba ilipungua kwa asilimia mbili tu, kiasi kidogo mno kulingana na mwenendo wa mchoro. Aliushuku upimaji wake, wala hakuona kuwa usingizi wa usiku unatosha kulieleza jambo hilo. Hata hivyo aliichapisha tarakimu hiyo kama ilivyotoka. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach walionyesha kuwa anayelala baada ya kukariri husahau kidogo kuliko anayekesha. Mwaka 2015 watafiti Jaap Murre na Joeri Dros wa Uholanzi walichapisha marudio ya jaribio lake kwa mtafitiwa mmoja, na mchoro waliopata ulifanana sana na ule wa 1885, pamoja na ile hitilafu ya saa 24. Laiti angeirekebisha ili mchoro upendeze, ushahidi huo ungezikwa.

Hitimisho

Ebbinghaus aliingia katika uwanja uliodhaniwa kuwa haupimiki akiwa na saa, orodha za silabi na subira. Alionyesha kuwa kusahau kuna utaratibu, kwamba maana na mizani hupunguza kazi ya kukariri, kwamba marudio yaliyogawanywa hushinda yaliyorundikwa, na kwamba yaliyo machache hushikwa kwa njia tofauti na yaliyo mengi.

Jaribio lake refu kuliko yote lilihusu beti za Don Juan alizozikariri ujanani. Aliziacha kwa miaka 22 bila kuzirudia, kisha akaketi kujifunza upya beti hizo alizokuwa hazikumbuki. Zilimchukua muda mfupi kuliko beti ngeni za utenzi ule ule, na akiba ilikuwa takriban asilimia 7. Ni kiasi kidogo, lakini si sufuri. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anayefungua daftari la ngeli la mwaka wa kwanza na kuona kana kwamba analisoma kwa mara ya kwanza anadanganywa na hisia zake. Kazi ya kulisoma tena itakuwa fupi kuliko ile ya awali, na kipande kilichopungua ndicho Ebbinghaus alichokiita akiba.